Njia ya Nyika: Kutoka Mombasa hadi Voi na Taveta

Kabla ya reli, msafiri aliyetoka Mombasa kuelekea Taita alilazimika kuvuka nyika ya Taru, yaani ukanda wa vichaka vya miiba usio na mto wa kudumu, ambako misafara ya biashara ilitegemea maji ya mvua yaliyokusanyika katika mashimo ya miamba. Kwa sababu hiyo vilima vya Taita, vyenye chemchemi na mashamba, na Taveta, iliyofunikwa na msitu wa mto Lumi, vilikuwa vituo muhimu ambapo wapagazi, yaani wachukuzi wa mizigo, walipumzika na kununua chakula. Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani, aliipitia njia hiyo mwaka 1848 alipouona mlima Kilimanjaro, akiongozwa na wenyeji waliokuwa wakiijua kwa muda mrefu.

Ujenzi wa reli ulioanza Mombasa mwaka 1896 uliigeuza Voi, iliyo kwenye njia hiyo, kuwa kituo kikuu, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Waingereza walijenga tawi la kuelekea Taveta ili kupeleka askari na maji kwenye mpaka wa Afrika ya Mashariki ya Kijerumani. Leo msafiri anayetoka pwani huvuka nyika hiyo kwa saa chache tu, ila wepesi huo umejengwa juu ya maarifa na jasho la wapagazi, ambao wanastahili nafasi ya heshima katika historia ya Kenya.