Sungura wa Kijani na Sungura wa Mrima

Watu wa Mrima, tangu Pangani na Saadani hata Bagamoyo, Kaole na Kunduchi, hawakupata kumdharau sungura. Mwili wake ni mdogo, naam, lakini katika hadithi cheo chake hukipita cha simba. Wengine humwita kitungule, wengine kititi. Na kila mtoto aliyepata kukaa miguuni pa bibi yake usiku amjua kuwa ndiye bwana wa hila. Basi sungura mwingine atokapo mbali akadai ushujaa, ni haki apimwe kwa kipimo cha pwani.

Sungura huyo mwingine alitoka Marekani mwaka 1994. Jina lake ni Jazz Jackrabbit, na mchezo wake wa kompyuta waitwa kwa jina hilo hilo. Waliomfanya ni Arjan Brussee, Mholanzi aliyeandika programu, na Cliff Bleszinski, kijana wa Kimarekani ambaye alikuwa hajatimiza miaka 20. Aliyeutoa mchezo ni kampuni ya Epic MegaGames, iliyokuwa wakati huo katika jimbo la Maryland. Ni wa namna ile ya michezo ambayo mnyama mmoja hukimbia katika kioo, akiruka kutoka jukwaa hadi jukwaa, akiokota vitu na kuwaangamiza adui. Namna hiyo ilivuma mwaka 1985 alipotokea Mario, ambaye ni mtu. Ikazidi kuvuma mwaka 1991 kampuni ya Sega ya Japani ilipomleta Sonic, kalunguyeye wa rangi ya buluu, ambaye wengi humwita nungunungu kwa kosa. Tangu hapo kila kampuni ilijitafutia mnyama wake. Huyu alileta popo, yule akaleta paka-mwitu, na walio wengi katika hao hawakumbukwi tena ila na wachache.

Jazz ni wa kijani, amefunga kitambaa chekundu kichwani, na mkononi ana bunduki. Adui yake ni kobe, Devan Shell, aliyemteka Eva Earlong, binti mfalme wa sayari ya Carrotus. Asili ya ugomvi wao ni ile hadithi ya kale ya mbio za sungura na kobe, ambayo watu wa Ulaya huinasibisha na Aesop. Waliotunga mchezo walisema kwamba uadui ule haukwisha siku ya mbio, bali ulirithiwa kizazi hata kizazi, mpaka ukafika katika anga za nyota. Ni mzaha, lakini si mzaha mbaya. Picha zake zang'aa, na muziki wake, uliotungwa na Robert Allen, wastahili kusikilizwa hata na asiyecheza. Kasoro yake kubwa ni mwendo. Sungura apewa mbio nyingi, ilhali kioo chaonyesha sehemu ndogo tu ya njia iliyo mbele, hata adui hutokea ghafla na mchezaji akajigonga kabla hajafikiri. Aliyejifunza mchezo huu vema hatimaye huona kuwa yafaa atembee polepole. Yaani humshinda kobe kwa kwenda mwendo wa kobe, jambo ambalo yamkini watungaji hawakulikusudia.

Katika mwaka huo wa 1994 mtoto wa Bagamoyo hakuwa na njia nyepesi ya kumwona Jazz. Kompyuta ya kwanza ya serikali iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Kazi ya hesabu iliyotumainiwa haikufanikiwa, na mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ikapiga marufuku kuingiza nchini kompyuta na vyombo vyake. Zuio hilo lililegezwa polepole, hata likaisha katika miaka ya 1990. Televisheni nayo, iliyokuwako Unguja tangu mapema katika miaka ya 1970, Tanzania Bara iliipata mwaka huo huo wa 1994. Kwa hiyo zama nzima ya wanyama hawa wa kurukaruka, tangu kuvuma kwake hata kufifia kwake, ilipita mbali na Mrima. Mtu wa Uholanzi au wa Marekani aurudiapo mchezo huu leo aurudia utoto wake, na mpenda chongo huona kengeza. Mtu wa Bagamoyo harudii kitu. Aukuta mchezo huu ukiwa mzee, naye ni mgeni kwake, akautazama kwa jicho lisilo na deni.

Jicho hilo laona nini? Laona kwanza kwamba sungura huyu amepewa bunduki akanyang'anywa ulimi. Mwaka 1901 George W. Bateman alichapisha Chicago kitabu cha hadithi za Unguja kwa Kiingereza, na ndani yake imo hadithi ya sungura na simba. Sungura aona asali ndani ya mbuyu, asali iliyo mali ya simba. Kwanza amchukua buku kumsaidia kuila, kisha amchukua kobe. Simba atokea chini ya mti, na mara ya pili kobe amsaliti mwenzake. Sungura, akiwa katika makucha ya simba, amshauri kwa adabu kwamba nyama yake ni ngumu, na dawa ni kumshika mkia, kumzungusha na kumbwaga chini. Simba afuata shauri, na mara tu amwachiapo, mlo wake umekwenda. Kobe naye, alipoulizwa namna ya kuliwa, asema asuguliwe katika tope mpaka gamba litoke. Simba akasugua, na kobe akateleza akaenda zake. Simba akaendelea kusugua jiwe mpaka ngozi ya makucha ikamtoka. Mwisho simba ajificha ndani ya nyumba ya sungura. Sungura aona nyayo, asimama mbali, aiamkia nyumba. Kimya. Astaajabu kwa sauti: siku zote nyumba hii huitikia, leo kuna nini? Na simba, maskini, akaitikia.

Hapo sungura na kobe ni wezi wenza, kisha wasalitiana, na wote wawili waokoka kwa maneno. Mwenye nguvu ni simba, na ndiye anayechekwa. Katika mchezo wa 1994 simba hayumo. Walioonewa na dunia wamewekwa wapigane wenyewe kwa wenyewe, mmoja kwa risasi na mwingine kwa majeshi. Kipo kibonye cha kuruka, kipo cha kupiga risasi, kipo cha kubadili silaha. Cha kuiamkia nyumba hakipo. Hapana budi kusema kwa haki kwamba vigumu kuifanya hila kuwa mchezo wa vidole, maana hila hupendeza mara moja, na mchezaji hutaka kurudia mara mia.

Yafaa pia kutazama namna wote wawili walivyosafiri. Sehemu ya kwanza ya mchezo wa Jazz iliruhusiwa kunakiliwa bure na kupitishwa mkono kwa mkono katika diski. Aliyetaka sehemu zilizobaki alilipa. Hadithi nazo zilipita hivyo kinywa kwa kinywa, ila bibi hakudai fedha ifikapo katikati. Katika jambo la majina, lakini, programu imewatendea watu wake vema kuliko vitabu. Majina ya Brussee, Bleszinski na Allen yanajulikana. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda karibu na Bagamoyo, alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, na maandishi yake ndiyo sehemu kubwa ya kitabu cha Desturi za Wasuaheli cha mwaka 1903. Lakini jina lililotangulia juu ya kitabu lilikuwa la Carl Velten. Mtoro alikufa Berlin mwaka 1927. Jina lake halikupewa mahali pake mbele ya kitabu hata ilipotoka tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen mwaka 1981.

Jazz alipata mchezo wa pili mwaka 1998, na mwingine wa chombo kidogo cha mkononi mwaka 2002. Kisha kampuni yake ilitajirika kwa michezo ya vita, na sungura akawekwa kando. Mwaka 2017 mchezo wa kwanza uliuzwa tena, umetengenezwa uweze kwenda katika kompyuta za sasa. Aliyeko Bagamoyo aweza leo kuupata bila taabu nyingi, akaukuta ule ule wa mwaka 1994, pamoja na kobe wake asiyepata kuonja asali.