Madoa ya Majahazi ya Bagamoyo

Kabla ya rangi za mikebe kuenea, majahazi ya Bagamoyo yalipakwa sifa, yaani mafuta ya ini la papa, na chini, yanapogusana na maji, deheni ya shahamu na chokaa. Na fundi aliyevaa merikani, kitambaa kile kile kilichobebwa kwenda bara na misafara ya karne ya 19, hakusalimika na madoa ya sifa na deheni.

Rangi ya mafuta ilileta taabu kubwa zaidi, kwani maji matupu hayaiwezi: hufutwa ingali mbichi kwa kitambaa kilicholoweshwa mafuta ya taa, mbali kabisa na moto, kisha nguo hufuliwa kwa sabuni, na, kwa rai yangu, peke yake. Nawe msomaji, usiianike juani kabla doa halijatoka.