Mkunazini: Krismasi juu ya soko la watumwa

Desemba 25, 2027 itatimia miaka 150 tangu ibada ya kwanza ifanyike katika Kanisa Kuu la Anglikana la Mkunazini, mjini Unguja. Krismasi ile ya mwaka 1877 jengo lilikuwa bado halijakamilika. Miongoni mwa waliohudhuria walikuwamo watu waliowahi kutekwa ili wauzwe, na sasa walikuwa wakiimba mahali palepale ambapo, miaka michache tu nyuma, wanunuzi walikuwa wakipita wakikagua meno na misuli ya binadamu.

Hatua kubwa za historia hii zinafahamika. Juni 5, 1873, Sultani Barghash bin Said, akisukumwa na Waingereza, alitia saini mkataba wa kufunga masoko ya watumwa. Mmisionari Arthur Nugent West akanunua sehemu ya kiwanja, na tajiri wa Kihindi, Jairam Senji, akatoa sehemu nyingine. Desemba 25 ya mwaka uleule jiwe la msingi likawekwa.

Siku hiyo haikuchaguliwa kwa kubahatisha. Mtoto anayesimuliwa na Luka alilazwa horini kwa sababu nyumba ya wageni ilikuwa imejaa. Habari zake walipewa kwanza wachungaji waliokuwa wakikesha makondeni, watu ambao hakuna aliyewauliza chochote. Mathayo anaongeza kwamba wazazi wake walikimbia naye usiku hadi Misri, wakikwepa upanga wa Herode. Kijana wa Kiyao aliyenyakuliwa kwao na kuswagwa hadi pwani hakuhitaji mahubiri marefu ili aelewe habari hiyo. Mungu aliyekosa mahali pa kulala alikuwa upande wake.

Mwenye jina kubwa katika ujenzi ni Askofu Edward Steere, yule aliyeshughulikia sana sarufi na tafsiri za Kiswahili. R. M. Heanley aliandika maisha yake katika kitabu kilichotoka mwaka 1888, na tangu hapo historia ya kanisa hili imesimuliwa kana kwamba askofu alilijenga peke yake.

Lakini ukifika Mkunazini, waongoza watalii hawachelewi kukupeleka kwenye nguzo zilizosimamishwa kichwa chini. Inasimuliwa kwamba askofu alikuwa safarini, akarudi na kukuta mafundi wameshazisimika, kitako kikiwa juu. Zikaachwa hivyo hivyo. Wageni hucheka, na mwongozaji huongeza kwamba mafundi hawakuwahi kuona nguzo za namna ile.

Mimi kicheko hicho kinanikera. Mafundi haohao walisimamisha kuta za mawe ya matumbawe, kisha wakafunika ukumbi wote kwa paa la kuba, zege la vipande vya matumbawe na saruji, bila nguzo hata moja katikati. Inasemekana wapo mjini waliotabiri kwamba boriti za kushikilia zikiondolewa tu, kuba litaporomoka. Boriti ziliondolewa, kuba likabaki. Iweje basi sifa ya paa iende kwa askofu na aibu ya nguzo wabebeshwe mafundi? Steere alifariki mwaka 1882 na amezikwa nyuma ya madhabahu. Waliokanda zege lake ni nani anayewataja?

Majina ya mafundi hatuna, lakini si kwamba hatuna jina hata moja la waliotoka utumwani. Mwaka 1864 Sultani Majid alimkabidhi Askofu Tozer wa misheni ya Kianglikana wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa. Mmoja wao, John Swedi, alipewa ushemasi mwaka 1879. Cecil Majaliwa, Myao aliyeuzwa utotoni, alipata upadri mwaka 1890, Mwafrika wa kwanza katika misheni hiyo, baada ya kutumwa kuhudumu Chitangali, upande wa Masasi. Hao wawili ndio maelezo mazuri zaidi ya Krismasi ya Mkunazini: bidhaa ya jana imekuwa mchungaji wa watu.

Leo foleni iko kwenye vyumba vya chini ya hosteli ya Mtakatifu Monica, vinavyoonyeshwa kuwa mahali pa kufungia watumwa. Wapo wanahistoria wanaopinga, wakisema jengo hilo lilijengwa na misheni baada ya soko kufungwa, na huenda vyumba vilikuwa stoo. Nje iko sanamu ya Clara Sörnäs, watu watano shimoni wakiwa na minyororo shingoni. Ndani, duara la marumaru mbele ya madhabahu linaonyesha mahali uliposimama mti wa kuchapia. Mgeni anaweza kumaliza ziara akijua mateso ya watu hawa, asijue lolote walilolifanya baada ya kufunguliwa.

Kwa kanisa ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa siku ya Krismasi, hilo ni pungufu. Sikukuu hii haiwahurumii tu waliovunjika. Inawapa nafasi ya mbele, kama wachungaji wa Bethlehemu. Miaka 150 haitakosa hotuba, na maaskofu watatajwa bila kukumbushwa. Swedi na Majaliwa watajwe kabla yao, na mwongozaji anayefika kwenye zile nguzo aanze kwa kuwaambia wageni watazame juu, kwenye paa.