Wekundu na Weusi wa Njia za Ufipa

Msafiri atokaye Tunduma kwenda Sumbawanga wakati wa mvua, endapo atauangalia udongo wa kando ya barabara badala ya kusinzia kitini, ataona kwamba nchi ya Ufipa ina rangi mbili: wekundu unaokaa juu ya migongo ya vilima, ambako maji hayatuami, na weusi unaokaa mabondeni na mbugani, ambako maji hujikusanya tangu Novemba hata Aprili, na kama angalijaaliwa kuishi katika uwanda huo kabla ya kuja greda na katapila, angalijua kwamba historia ya njia za nchi ile, tangu unyayo wa mpagazi hata lami ya leo, ni historia ya watu waliotafuta kukaa juu ya wekundu na kuuepuka weusi.

Udongo mweusi wa mbuga hauna amana. Ukinyeshewa hunywa maji ukavimba, na jua likiuwakia hunywea ukapasuka nyufa za kuingia mkono, hata lolote lijengwalo juu yake hupandishwa na kushushwa kila mwaka mpaka livunjike. Wahenga wa Kifipa waliyajua hayo kwa miguu yao. Njia zao, ambazo upana wake ulikuwa upana wa mtu mmoja aliyejitwika mzigo, zilifuata migongo ya vilima hata pale ambapo kukata moja kwa moja bondeni kungalipunguza safari kwa nusu siku. Zilipita baina ya makonde, kandokando ya yale matuta ya duara waitayo ntumba, ambamo majani hufukiwa chini ya udongo yaoze yawe mbolea. Na hakuna aliyezitandika kitu chochote, kwa kuwa nyayo zenyewe ndizo zilizoshindilia ardhi mpaka ikawa ngumu kama sakafu. Mti ukianguka njiani, aghalabu hakuna aliyeukata: watu waliuzunguka, na mti ulipokwisha kuoza njia ilibaki na pindo lake.

Wekundu, kwa upande wake, haukuwa wa kukanyagwa tu. Ndani yake mna mawe mazito yenye chuma, na Wafipa waliyachimba wakayayeyusha katika tanuri ndefu za udongo ziitwazo malungu, zilizopita kimo cha mtu mrefu kwa mbali, ambazo zilivuta hewa zenyewe kwa matundu ya chini pasipo mivukuto. Kisha chuma kile kilisafishwa katika tanuri ndogo, kikafuliwa kikawa majembe, na majembe yakawa mali ya kuolea na bidhaa ya kupeleka katika nchi za jirani. Mwanaakiolojia Bertram Mapunda amezichunguza tanuri hizo kwa miaka mingi, na masalia yake, pamoja na vifusi vya taka za chuma, yangali yakionekana mpaka sasa. Nimelitaja jambo hili kwa kusudi, si kwa kupotea njia. Moramu, yaani changarawe nyekundu ambayo malori humwaga barabarani kabla ya greda kuisawazisha, ni udongo wa jamii ile ile yenye chuma ndani yake, na ugumu ule ule uliowapa mababu jembe ndio unaowapa wajukuu barabara. Sijui nchi nyingine ambayo fundi wa chuma na fundi wa barabara wamechimba ukoo mmoja wa udongo kwa karibu namna hii.

Wageni waliokuja na daftari walizikuta njia zile za mguu na wakazitumia kama walivyozikuta. David Livingstone alipita Ufipa mwaka 1872, akiufuata upande wa Ziwa Tanganyika katika safari yake ya mwisho. Na mwaka 1880 akapita Joseph Thomson, kijana wa Kiskoti, aliyeuvuka uwanda mpaka ukingo wa Lyamba lya Mfipa na kuliona Ziwa Rukwa likimeta chini ya magenge. Aliyekuwa katika safari zote mbili ni Chuma, mtumishi wa Livingstone, ambaye katika safari ya pili alikuwa mkuu wa wapagazi wa Thomson. Vitabu vimewapa sifa mabwana wawili. Walakini miguu iliyopita Ufipa katika safari zote mbili, na kuweza kulinganisha njia ya mwaka huu na ya mwaka ule, ilikuwa ya Chuma.

Katika zama hizo hizo, kusini ya Ufipa, baina ya Nyasa na Tanganyika, Waingereza walianza mwaka 1881 kuchonga barabara ya kuyaunganisha maziwa mawili kwa fedha za tajiri wa Glasgow aitwaye James Stevenson. Mhandisi wake, James Stewart, alifariki mwaka 1883, na barabara haikukamilika kama ilivyokusudiwa, nyasi zikairudia.

Katika Ufipa yenyewe Wadachi, yaani Wajerumani, walijenga boma lao Kasanga, ziwani, wakaliita Bismarckburg, na mwezi wa Juni mwaka 1916 boma hilo likaangukia mikononi mwa Waingereza. Chini ya Waingereza ndipo njia ya mguu ilipoanza kupanuliwa iwe njia ya gari, na hapo swali la kifaa cha kutandika likaingia Ufipa kwa mara ya kwanza, maana gurudumu si unyayo: unyayo hushindilia, bali gurudumu huchimba. Kazi hiyo ilifanywa kwa jembe, sururu na karai, na katika Tanganyika yote ya wakati ule mtu aliyeshindwa kulipa kodi aliweza kutakiwa ailipe kwa nguvu za mwili wake, barabarani. Basi mtu alichimba wekundu mlimani, akaubeba kichwani mpaka kwenye weusi, akaumwaga, na mvua za mwaka uliofuata zikaumeza, ili mwaka wa tatu arudi kuubeba tena. Hakuna aliyemwuliza kama barabara ingalifaa kupita mgongoni, mahali ambapo babu yake alipita.

Niliyakumbuka hayo siku moja, mpwa wangu, aliyekuja kwangu likizo, alipokuwa akicheza kwenye kompyuta mchezo wa kujenga kwa vipande, ule wa Minecraft ulioanzia Sweden na kutolewa kamili mwaka 2011, ambao ndani yake mna vijiji na wanakijiji wanaoendeshwa na kompyuta yenyewe. Akaniuliza, "Mjomba, barabara ya watu hawa niitandike changarawe au mawe?" Nilimwambia atazame kwanza maji yanatuama wapi. Akanijibu kwamba katika mchezo ule mvua hunyesha lakini haifanyi tope, na kwamba wanakijiji wale hupita popote wanapoweza kupita wala hawalalamiki. Jibu lake lilinikaa moyoni siku nyingi, kwa sababu nilitambua ya kuwa wengi waliowahi kukata shauri juu ya njia za Ufipa waliifikiri nchi ile kwa namna hiyo hiyo: nchi isiyo na tope, yenye watu wasio na kauli.

Ndivyo ilivyokuwa, hususan katika miaka ya Operesheni Vijiji, baina ya 1973 na 1976, watu wa Tanzania walipohamishwa wakakae pamoja, na aghalabu kandokando ya barabara. Kwa Wafipa kukaa pamoja hakukuwa jambo geni. Roy Willis, mtaalamu wa mila aliyeanza utafiti wake huko mwaka 1962, aliwakuta wakiishi katika vijiji vilivyoshikamana. Jambo geni lilikuwa kwamba sasa barabara ndiyo iliyochagua kijiji, ilhali zamani kijiji ndicho kilichochagua njia. Mwaka 1974 Rukwa ikawa mkoa, na Sumbawanga, mji ambao jina lake kwa Kifipa lina maana ya kuutupa uchawi, ukawa makao makuu. Lakini kwa miaka mingi baada ya hapo mkoa huo, uliolisha nchi kwa mahindi yake, uliyasafirisha mahindi hayo juu ya vumbi wakati wa kiangazi na juu ya tope wakati wa mvua.

Lami ilikuja kwa mkataba. Februari 2008 Rais Jakaya Kikwete na Rais George W. Bush walitia sahihi jijini Dar es Salaam makubaliano ya msaada wa dola milioni 698, na miongoni mwa kazi zake ilikuwamo barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga, kilomita zipatazo 223, kwa vipande vitatu vilivyokatwa Ikana na Laela. Hapo wekundu na weusi vilipata kutendewa kama vinavyostahili: weusi uliondolewa au kufunikwa kwa kifusi kinene, tabaka za moramu na kokoto zikashindiliwa juu yake, makalavati yakawekwa ili maji yapite chini, ndipo lami ikamwagwa. Mgonjwa aliyekuwa akilala njiani sasa hufika hospitali siku ile ile. Yeyote aliyewahi kusukuma basi Laela mwezi wa Machi hawezi kuidharau neema hiyo, nami siidharau.

Walakini lami ni ya barabara kuu, na mtu wa Ufipa haishi juu ya barabara kuu. Yeye hutoka kondeni na mkokoteni wa ng'ombe, ambao gurudumu lake jembamba huikata moramu iliyoloa kama kisu, mpaka zile alama mbili ziwe mifereji na mifereji iwe makorongo. Na yule wa bonde la Rukwa, kama Muze au Mtowisa, sharti aupande ukingo wa Lyamba lya Mfipa ndipo aufikie mji. Njia hizo ndogo ziko mikononi mwa TARURA, wakala ulioanzishwa mwaka 2017, na za mkoa mikononi mwa TANROADS. Kwa wahandisi wao, ambao elimu yao naiheshimu, nina ombi moja: kabla ya kutuma greda kijijini, nendeni mwezi wa Machi, kwa miguu, pamoja na mzee mmoja na mwenye mkokoteni mmoja, mkawaulize njia ya zamani ilipita wapi. Watawaonyesha, na mtaona kwamba bado ni nyekundu na haijatuama maji.