Samadi Iliyolisha Paris

Katika karne ya 19, mkazi wa Paris aliweza kununua salata mbichi katika soko la Les Halles wakati wa baridi kali, kabla bustani za kawaida hazijaamka. Salata hiyo haikutoka nchi za joto. Iliotea ndani ya jiji lenyewe na pembezoni mwake, juu ya matuta yaliyopata joto kutokana na samadi ya farasi na kufunikwa kwa vioo. Wanaoisimulia historia hii hukisifu zaidi kioo, pengine kwa sababu kinang'aa na samadi inanuka. Naona wanampa sifa msaidizi na kumsahau mwenye kazi. Ustadi ule ulijengwa na zizi la farasi, yaani na mapatano kati ya jiji na bustani, ambamo taka ya mmoja ilikuwa mali ya mwingine.

Ushahidi umo katika tuta lenyewe. Mkulima alichukua samadi iliyotoka zizini karibuni, ikiwa bado imechanganyika na mabua yaliyotandikwa chini ya farasi, akaichanganya na ya zamani ili joto lisipande kwa pupa. Aliipanga tabaka kwa tabaka, akaishindilia kwa miguu na kuinyunyizia maji palipokauka, mpaka ikafika kimo cha nusu mita hivi. Juu yake aliweka fremu ya mbao isiyo na kitako, upande wa kaskazini ukiwa umeinuka kidogo ili vioo vilielekee jua, kisha akatandaza ndani mboji laini. Bakteria walipoanza kuozesha mabua na kinyesi, joto katikati ya rundo liliweza kufika nyuzi 60 za Selsiasi. Kupanda wakati huo ni kuzipika mbegu, na mvuke wa amonia huunguza miche. Kwa hiyo alisubiri siku kadhaa, akipima kwa mkono, mpaka vukuto likatulia. Usiku alifunika vioo kwa mikeka ya mabua. Joto lilipofifia, alijaza samadi mbichi katika vijia vilivyo kati ya fremu, na tuta likapata nguvu upya.

Atakayepinga atasema kwamba bila kioo samadi isingefua dafu. Ni kweli, lakini kioo hutunza joto tu, hakilizalishi. Usiku wa mwanzoni mwa Januari mjini Paris hupita saa 15, na fremu isiyo na chochote chini yake hupoa kabla ya alfajiri. Jean-Baptiste de La Quintinie, aliyemjengea Louis XIV bustani ya mboga ya Versailles kati ya 1678 na 1683, alimpatia mfalme asparaga katikati ya baridi kwa kutegemea samadi ya mazizi ya kifalme. Hapo huja pingamizi la pili: basi ilikuwa anasa ya wakubwa. Kwa Versailles, ndiyo. Na hata baadaye matikiti ya mapema yalibaki chakula cha wenye fedha. Lakini mwaka 1845 Moreau na Daverne, wakulima wa mboga wa Paris, walipochapisha mwongozo wa kazi yao, ilikuwa tayari riziki ya familia nyingi. Mwaka 1892 mwandishi Mrusi Pyotr Kropotkin aliandika kuhusu bustani ya mkulima Ponce, yenye ukubwa wa hekta moja na kidogo, iliyotoa zaidi ya tani 100 za mboga kwa mwaka, salata 154,000 zikiwemo. Kiasi hicho si cha meza ya mfalme.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba kazi ile ilivunja mgongo, na kwamba mabomba ya maji yaliyopashwa moto kwa makaa yangeweza kuifanya kwa urahisi. Jasho lile halikanushiki. Hata hivyo makaa yakishaungua huacha majivu, ilhali tuta likishapoa huacha mboji. Mboji hiyo ilirundikana mwaka hadi mwaka hata wakulima wakawa na ziada ya kuuza, na mikataba ya kupanga ardhi iliwaruhusu kuuhama uwanja pamoja na udongo walioutengeneza. Farasi ndiye aliyewapa joto na ardhi kwa mkupuo mmoja. Ndiyo maana magari yalipochukua nafasi yake mwanzoni mwa karne ya 20, matuta yalianza kutoweka, ingawa vioo vilikuwepo tele na maarifa yalikwisha kuandikwa vitabuni. Hilo ndilo jibu langu la mwisho kwa wanaokisifu kioo. Na anayetaka kuufufua ustadi huu leo asianze kwa kununua fremu. Aulize kwanza samadi itatoka wapi, na nani atakubali kumpa kila wiki.