Mabega ya Askari na Mabega ya Popo

Walimu wenzetu wanaosomesha Nchelenge, kando ya Ziwa Mweru, bila shaka wamewaona popo walao matunda wakiivamia miembe giza linapoingia. Katika jamii moja ya popo hao, madume yana mashungi ya manyoya meupe mabegani. Mwaka 1836 mtaalamu Mwingereza, Bennett, aliipa jamii hiyo jina la Epomophorus, kwa Kigiriki "mwenye kubeba pambo la begani". Hivyo popo akatunukiwa uofisa bila ya kuuomba.

Pambo hilo Wafaransa huliita epaulette, kutokana na épaule, yaani bega. Mwaka 1759 lilifanywa alama ya vyeo vya maofisa katika jeshi la Ufaransa, na mwaka 1795 maofisa wa manowari za Uingereza wakalivaa. Jeshi la nchi kavu la Uingereza liliyaacha mashada hayo mwaka 1855, ila nyota na taji zikapata makao begani baadaye.

Huku kwetu bega lilikuwa na mwenyewe. Katika majeshi ya kikoloni ya Waingereza, Mwafrika aliyepanda cheo alishonewa tepe mkononi, akawa koplo au sajini. Nyota za begani zilikuwa za Mzungu hadi uhuru ulipokaribia. Askari mzee mwenye tepe tatu alimpigia saluti kijana wa Kizungu aliyeshuka melini jana. Hata neno afande lina safari yake: ni efendi ya Kituruki, na miongoni mwa walioieneza ni askari wa Kisudani walioajiriwa na Wadachi mwaka 1889.

Vinamasi vya kaskazini mwa Zambia vina ndege mweusi mwenye kiraka chekundu begani, Euplectes axillaris. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2003, yaliyofanywa Afrika Kusini, yalionyesha kuwa dume aliyepakwa wekundu mwingi zaidi hufaulu zaidi kujitwalia eneo. Kwake yeye, basi, kiraka ni cheo hasa.

Kwa popo sivyo. Wanafunzi hupenda kutafsiri "popo mwenye nyota". Sisi twapendelea "popo wa mashungi". Dume huyaficha mashungi yake ndani ya vifuko vya ngozi, akayatoa usiku tu anapomwita jike, na hatujamwona afande afichaye nyota zake mchana.