Kishindo, Mvumo na Mluzi

Karatasi ilinifikia ikiwa na alama za vidole vya grisi. Yalikuwa maagizo ya usalama ya presi mpya ya gereji moja pale Voi, na mstari wake wa kwanza ulisema, kwa Kiingereza, kwamba kiwango cha kelele kinapita desibeli 85 na kwamba mwendeshaji sharti avae vizibo vya masikio. Mwenye gereji alitaka Kiswahili cha kubandika ukutani. "Andika tu, mwalimu," akaniambia, "mistari mitano, sita." Mistari sita niliimaliza kwa dakika kumi. Kilichonichukua wiki mbili ni kujiuliza kama mafundi wake wangeambulia chochote humo.

Presi ni neno la gereji. Ukifungua kamusi utakutana na kishinikizo, lakini ingia gereji yoyote kando ya barabara kuu ya Mombasa uulize kishinikizo kiko wapi, utaelekezwa zahanati ukapimwe shinikizo la damu. Fundi anayetoa bushi na beringi za malori ana presi, basi. Katika mashamba ya mkonge, Mwatate na kwingineko katika kaunti hii, watu wana neno ambalo mimi nalionea wivu: kushindilia. Singa zilizokauka na kupigwa brashi hutiwa sandukuni, bamba la chuma hushuka juu yake, na lundo lililofika kifuani huwa robota la kilo 250. Marobota manne, tani moja. Mashine ya gerejini na ile ya shambani ni za ukoo mmoja, na babu yao ni ile aliyoipatia hataza Mwingereza Joseph Bramah mwaka 1795: sukuma kimiminika kwenye silinda nyembamba, nguvu zikatokee kwenye silinda pana.

Kinachosukuma bamba ni mafuta yaliyobanwa, na hapo istilahi zinaanza kugombana. Fundi husema presha. Mtangazaji na daktari husema shinikizo. Wengine husema mgandamizo. Wanafizikia wa Tanzania walituundia kanieneo, yaani kani juu ya eneo, neno lililobeba kanuni yake tumboni. Nalipenda sana, ila sijamsikia mtu mwenye spana mkononi akilitamka.

Ningeweza kuchagua moja nikaenda zangu, kama si jambo hili: sauti nayo ni presha. Ngozi ya ngoma hubana hewa na kuiachia, hewa husukuma ngoma ya sikio. Kwa hiyo katika presi moja kuna presha mbili. Ile ya mafuta inafika baa 200 (baa ya kipimo, si ile ya jioni), ambazo ni paskali milioni 20. Ile ya sauti, kwenye desibeli 85, ni kama thuluthi moja tu ya paskali moja. Mashine yenye paskali milioni 20 tumboni humharibu fundi masikio kwa kitu kisichofika hata paskali nzima. Nikaamua kutenga: mafuta yabaki na presha yao ya gerejini, sauti nikaipa shinikizo la sauti. Wasomi watanisamehe.

Desibeli yenyewe sikuigusa. Ni jina la mtu, Alexander Graham Bell, lililokatwa vipande kumi. Wahandisi wa simu wa Marekani walilibuni katika miaka ya 1920 walipokuwa wakipima jinsi sauti inavyofifia ndani ya waya. Sifuri yake si ukimya mtupu. Ni sehemu 20 za milioni za paskali moja, sauti ndogo kabisa ambayo sikio zima la kijana linaweza kuinasa.

Linalotupotosha ni neno kiwango. Kiwango cha maji tangini kikipanda vidole vitatu, ni vidole vitatu. Desibeli hazipandi hivyo. Presi mbili za desibeli 85 zikiunguruma pamoja hazitoi 170, hutoa 88. Kila ukiongeza 3, nishati inayolipiga sikio imekuwa maradufu, na ukiongeza 10 imekuwa mara kumi, ingawa sikio lenyewe, kwa ukarimu wake, litakuambia ni mara mbili tu. Ndiyo maana mtu huona kutoka 85 hadi 95 ni hatua fupi, akaivuka kila siku kwa miaka ishirini.

Hesabu hii ina ukatili wa aina nyingine. Tuseme kwenye kiwanda cha mkonge ile mashine ya kuchakata majani, ambayo wengi huiita korona, inatoa desibeli 96, na presi iliyo karibu nayo 86. Jumla ni 96 na nukta kidogo. Nunua presi ya kimya kabisa, isiyotoa hata mnong'ono, na jumla itabaki 96. Pesa zimekwenda, sikio halijapata kitu. Anza na mkubwa wa kelele, au hamishia presi banda lake.

Sheria yetu hapa Kenya inazungumza kwa namba hizohizo. Kanuni za mwaka 2005 za kuzuia na kudhibiti kelele mahali pa kazi zinakataza mfanyakazi kukaa kwenye wastani wa zaidi ya desibeli 90 kwa saa 8 katika siku, na mshindo wa ghafla usipite 140. Kelele ikizidi 85, mwajiri anapaswa kuwa na mpango wa kuipunguza. Kwenye karatasi utakuta herufi A nyuma ya namba. Maana yake kipimo kimechujwa kifuate sikio la binadamu, ambalo halijali sana sauti nzito za chini. Herufi hiyo niliiacha ilivyo.

Haya yote ni sahihi, na yote hayamwambii fundi ashike spana ipi. Desibeli humwambia mkaguzi kama kuna kosa. Haimwonyeshi fundi kosa liko wapi. Na hapo nikagundua kwamba lugha niliyokuwa nikiiburuta ifuate Kiingereza ilikuwa imenitangulia. Kiingereza cha karatasi ile kilikuwa na neno moja tu la kelele. Sisi tuna mvumo, kishindo, mluzi, mkwaruzo, mngurumo, na kwenye presi karibu kila moja lina mlango wake wa kutokea.

Mvumo ni pampu. Mota ya duru 1,450 kwa dakika ikizungusha pampu ya pistoni 9, mafuta husukumwa kwa mapigo 217 hivi kila sekunde, na hayo mapigo ndiyo mvumo. Lakini pampu ni ndogo kama kichwa cha mbuzi, haina ngozi ya kutosha kuipiga hewa. Inachofanya ni kuyatetemesha mafuta, mafuta yakatetemesha paipu, paipu ikatetemesha kifuniko cha tangi, na kifuniko hicho cha bati pana ndicho kinachopiga makelele, kama ngoma iliyosahauliwa juu ya mashine. Hivyo dawa si kuizungushia pampu magunia, nilivyowahi kuona. Dawa ni kukata njia: kipande cha mpira wa presha kati ya pampu na paipu ya chuma, raba chini ya mota, raba kwenye vishikizo vya paipu, na pampu isifungwe juu ya kifuniko. Mota ya duru 1,450 huwa na adabu kuliko ya 2,900. Na iliyozimwa wakati robota linafungwa waya haina mvumo wowote. Hilo halihitaji mhandisi.

Mvumo ukichanganyika na mlio wa kokoto ndani ya mkebe, pampu ina njaa. Mafuta hayafiki upesi inavyoyavuta, kwa hiyo viputo huzaliwa upande wa kuvuta na kupasuka upande wa presha, kila kimoja kikimega chuma chembe kwa chembe. Wahandisi huita kavitesheni. Mafundi wa Voi husema pampu inatafuna mawe, na kwa ukuta wa gereji sikuona sababu ya kwenda mbali zaidi. Safisha chujio, tazama kina cha mafuta, paipu ya kuvuta iwe pana na fupi. Mafuta yakiwa meupe kama maziwa, kuna hewa au maji yanayoingia mahali.

Kishindo kina hadithi nzuri kuliko zote. Tumezoea kusema kimiminika hakibaniki. Mafuta hubanika, kidogo: kwenye baa 200 hupungua kama asilimia moja na nusu. Silinda ya lita 40 ina zaidi ya nusu lita iliyobanwa kama springi, na fremu ya chuma nayo imevutika. Mwendeshaji akifungua valvu kwa pigo moja, springi hiyo yote hufyatuka ndani ya paipu. Ndicho kile kishindo kinachoshtua kuku wa jirani baada ya robota kukamilika, wakati kazi yenyewe imekwisha. Dawa ni njia ndogo inayofunguka kwanza, nusu sekunde hivi, presha ishuke taratibu, kisha valvu kubwa ifuate. Kitendo hicho nilikikosea jina kwa siku kadhaa. Nilijaribu upunguzaji wa mgandamizo, nikaona haya. Mwishowe nikaandika: iache presi ipumue. Mafundi waliposoma hawakuuliza swali.

Mluzi ni valvu ya usalama inayopitisha mafuta muda wote kwa sababu imekazwa vibaya au kiti chake kimelika. Mafuta yanapochoropoka kwenye tundu dogo huacha nguvu zao pale kama joto na sauti nyembamba. Ukisikia mluzi, gusa tangi, litakuwa moto.

Kabla ya kupeleka karatasi nilikwenda Mata, ile wadi ya Taveta iliyo upande wa Ziwa Jipe, kwa mzee mmoja aliyeendesha mashine ya kushindilia kwa miaka mingi kwenye shamba la mkonge. Vizibo vya masikio, aliniambia, aliviona siku ya wageni. Siku hizi analima ndizi, na redio yake huisikia hata anayepita barabarani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Sema kwa sauti."

Nilikuwa nimerekodi presi ya Voi kwenye simu, nikaunganisha spika ndogo na kuiweka mezani. Sauti ya kwanza haikufika sekunde tano. "Pampu," akasema. Ya pili: "Huyo kafungua kwa pupa. Hajaiacha ipumue." Nilifurahi kupita kiasi, maana neno hilo sikuwa nimemtajia. Ya tatu aliinamisha kichwa, akauliza chujio lilisafishwa lini.

Masikio yaliyolemewa na kelele huanza kupoteza sauti nyembamba, zile za mitetemo kama 4,000 kwa sekunde, na mwenyewe hajui kwa sababu sauti nzito za mazungumzo bado anazipata. Nilijua hivyo kutoka vitabuni. Nikawasha sauti ya nne, mluzi. Mjukuu wake aliyekuwa akimenya ndizi mlangoni akakunja uso, akaziba masikio kwa viganja. Mzee aliitazama spika, akanitazama mimi, mikono juu ya magoti, akingoja.

"Haya," akasema, "iwashe basi."